Shajara ya baraza: kusaka kopa na shupaza baada ya "bila turufu moja"

11 Januari 2025. Vifaa, na mzozo wa kwanza

Tumeanza. Tuko wanne. Mimi nina kibanda cha kuchapisha karatasi hapa Malindi, mjini. Ami yangu ni baharia mstaafu ambaye hajawahi kukubali kwamba ameshindwa karata. Bi Mwalimu anasomesha hesabu. Wa nne ni mzee wa Kiitaliano anayekaa Casuarina. Alikuwa akija kwangu kutoa kopi za pasipoti, siku moja akaona tunacheza nje ya kibanda akavuta kiti. Yeye ndiye aliyeleta briji, mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili unaoanza kwa mnada wa kutaja milo mtakayokula.

Mradi ni mdogo kwa makusudi. Hatujifunzi briji nzima, maana mzee anasema yeye ana miaka hamsini nayo na bado anajifunza. Tunachotaka ni hiki: mmoja akifungua mnada kwa kauli ya bila turufu moja, mwenzake ajue namna ya kugundua kama baina yao wana kopa nane au shupaza nane. Tukiliweza hilo tutaendelea na mengine.

Naandika haya ili baraza nyingine ikitaka kufuata isipoteze usiku tuliopoteza sisi. Hamna dau mezani. Ami aliliweka sharti hilo kabla hajaketi, na mzee akakubali bila neno.

Gharama: pakiti mbili za karata, shilingi 500. Manila, 160. Karatasi za lamineshoni, 240. Jumla 900. Nilichapisha kadi za mnada mwenyewe, kila mchezaji kauli ishirini, kuanzia pau moja hadi bila turufu nne, pamoja na kadi za "napita". Kauli za tano kwenda juu sikuzichapisha. Tukifika huko tutasema kwa mdomo.

Vifupi nitakavyotumia: R ni ree, M mfalme, B bibi, G ghulamu. Karata nne zikishakusanywa na mmoja tunaziita mlo, kwa kuwa kwetu karata huliwa. Kauli ya moja maana yake utakula milo saba, ya mbili minane, na kuendelea, sita juu ya namba uliyotaja. Ngazi inapanda hivi: pau, uru, kopa, shupaza, na juu kabisa bila turufu.

Mzozo wa kwanza haukuwa wa karata. Bi Mwalimu alinunua kitabu kikuukuu cha Kiingereza kwa shilingi 300, akaja amekisoma chote. Kitabu kinafuata mtindo wa Acol wa Uingereza: anayefungua bila turufu moja ana pointi 12 hadi 14 za karata kubwa mkononi. Mzee anacheza 15 hadi 17. Usiku mzima Bi Mwalimu alifungua kwa 13, mzee akahesabu kwamba wana 27, na mikataba, yaani ahadi za milo, ikavunjika mmoja baada ya mwingine huku kila mtu akiamini mwenzake ndiye mzembe. Namba zote mbili ni halali na watu mahiri wanazitumia. Kinachoua ni meza moja kuwa nazo mbili. Tumekata shauri: 15 hadi 17, na mkono uliosawazika, yaani karata za aina nne zimegawika 4-3-3-3, 4-4-3-2 au 5-3-3-2. Kitabu kimerudi kabatini.

19 Januari. Mzungu wa nne si nne

Leo nilidhani tutafika mbali. Hatukufika hata kona.

Ami alifungua bila turufu moja. Mzee, mwenzake, alikuwa na pointi kumi, akapandisha hadi tatu. Mkataba ukavunjika kwa milo mitatu. Mzee akaomba kuziona karata za Ami:

Shupaza M G 5
Kopa R 8 3
Uru B G 6 4
Pau 9 7 2

Hizo ni pointi 11. Ami akaapa ni 16. Bi Mwalimu akamwambia ahesabu kwa sauti, na hapo ndipo tulipojua. "Ree, nne. Mzungu wa nne, nne. Mzungu wa tatu yuko hapa na hapa, tatu na tatu. Mzungu wa pili, mbili. Kumi na sita. Mwalimu wa hesabu ni nani hapa?"

Kwa hesabu ya wahedi wa sitini hakukosea. Sisi wa pwani tumekua na mchezo huo: ree ni 11, saba ni 10, mfalme 4, ghulamu 3, bibi 2. Jumla ya pakiti ni 120, ukipata 61 umeshinda, na ndiyo maana ya jina lenyewe. Mfalme anaitwa mzungu wa nne kwa sababu ana pointi nne. Jina limeibeba hesabu ndani yake. Ami alikuwa ameambiwa kwamba ree imeshuka kuwa nne, akalikubali hilo kama mgeni anavyokubali desturi ya nyumba. Ila hakuna aliyemwambia kwamba mzungu wa nne naye si wa nne tena.

Katika briji ni ree 4, mfalme 3, bibi 2, ghulamu 1. Basi. Saba ni karata tupu.

Mzee alicheka hadi akapaliwa na kahawa. Akatuambia kwao kuna briscola: ree 11, tatu 10, mfalme 4, farasi 3, ghulamu 2. Jumla 120. Wanacheza hadi 61. Ami akamtazama kama mtu aliyemgundua binamu yake. Wamekuwa jirani miaka, na mchezo wao ni mmoja, tofauti ni kwamba wao wamempa cheo tatu na sisi tumempa saba. Haya majina yetu ya kopa, uru, shupaza na pau ni ya Kireno, na Wareno walitia nanga hapa Malindi mwaka 1498. Nguzo ya Vasco da Gama watalii wanailipia kiingilio. Karata ziko kila baraza, hakuna anayezipiga picha.

Dawa tuliyoipata ni mbili. Ya kwanza, mezani hakuna tena "mzungu wa" kitu. Ni mfalme, bibi, ghulamu. Ya pili ni ya Bi Mwalimu, na naiona ndiyo bora: pakiti nzima ina pointi 40, kwa hiyo mkono ukiisha kila mmoja ataje alizokuwa nazo, na jumla lazima iwe 40. Tulipopiga hesabu ya mkono ule wa Ami kwa namba yake, ilitoka 45. Tano za ziada zilikuwa ni mfalme mmoja na maghulamu wawili.

2 Februari. Kwa nini tunajisumbua

Ami aliuliza swali ambalo nilipaswa kulijibu siku ya kwanza: kama bila turufu tatu inahitaji milo tisa, na shupaza nne inahitaji kumi, kuna faida gani kutafuta shupaza? Mtu mzima hatafuti kazi ya ziada.

Hesabu ya alama ni hii. Kopa na shupaza zinalipa 30 kwa kila mlo juu ya sita. Pau na uru zinalipa 20. Bila turufu inalipa 40 kwa wa kwanza na 30 kwa inayofuata. Mkataba ukifika 100 unapata bonasi ya 300, au 500 ikiwa mko katika zamu ya hatari, ambayo bonasi na hasara huwa kubwa zaidi. Kwa hiyo bila turufu tatu inafika, kopa au shupaza nne zinafika, lakini pau na uru mpaka tano. Ndiyo sababu hakuna anayehangaika kuwatafuta hao wawili.

Jibu la kweli lilitoka mezani saa moja baadaye. Mimi nilifungua na hizi:

Shupaza M B 8 4
Kopa 7 3
Uru R M 9 5
Pau R G 6

Pointi 17. Bi Mwalimu alikuwa nazo:

Shupaza R G 7 2
Kopa 9 4
Uru B 7 3
Pau M 8 5 2

Kumi. Tuna 27, raha mustarehe, akaruka moja kwa moja hadi bila turufu tatu. Mzee akatoa kopa. Wana kopa tisa wao, sisi tuna nne za kuokota njiani. Wakala tano mfululizo tukiwa tumeshikilia maree yetu matatu kama watu waliovaa kanzu za Idd wakanyeshewa. Tumevunjika kwa mmoja, hasara 50.

Tukazirudisha karata kila mtu zake, tukacheza shupaza nne. Wanakula kopa mbili, ya tatu naikata. Turufu za wapinzani ni tano, na kwa kawaida zinagawanyika tatu kwa mbili mara 68 katika mia. Leo zilifanya hivyo. Nikazivuta kwa raundi tatu, ikabaki turufu moja tu, mezani, kwenye karata za mwenzangu zilizolazwa wazi. Ree na mfalme wa pau, uru tatu za juu, uru ya nne nikaikata kwa turufu ya mezani. Kumi kamili: 120 na bonasi 300, alama 420. Karata zilezile, tofauti ya alama 470.

Hapo Ami akaona. Turufu nne kwako na nne kwa mwenzako zinakula mara mbili: zinavuta, halafu zilizobaki kila upande zinakata kivyake. Ndiyo maana tunatafuta nane. Nane tumeziita mwafaka.

Mzee akaongeza tahadhari ambayo sikuipenda ila ni kweli: ukicheza bila turufu tatu ukala kumi, unapata 430, unampita aliyecheza shupaza nne. Kwa hiyo mwafaka si ibada.

15 Februari. Pau mbili iliyoliwa kama pau

Kwanza tatizo la kazi. Bila turufu moja haiji kila mara. Usiku mzima wa wiki iliyopita tuliipata mara mbili tu. Kwa hiyo tumebuni hivi, na yeyote anayefuata mradi huu aanze nalo siku ya kwanza: toa karata kumi na tatu zinazofaa kufungua, mpe mmoja, changa thelathini na tisa zilizobaki uwagawie watatu. Kila mgao ni zoezi. Tunanadi tu, hatuchezi, na kwa saa moja tunapitia mikono mingi kuliko wiki nzima ya kungojea bahati. Mkono wa kudumu tunaubadilisha kila tukikutana.

Sasa somo. Mwenzako akifungua bila turufu moja, wewe ukasema pau mbili, hujasema habari ya pau hata kidogo. Umeuliza: una kopa nne au shupaza nne? Anayejibu uru mbili amesema sina. Kopa mbili, ninazo kopa nne, na shupaza huenda ninazo pia. Shupaza mbili, ninazo shupaza nne na kopa sina. Kuuliza kwa kawaida kunataka pointi nane au zaidi, kwa sababu mnaweza kujikuta juu. Nane au tisa, unamwalika apande. Kumi na kuendelea, mnakwenda hadi mkataba kamili, ule unaofika 100.

Kwenye zoezi kila mtu aliweza. Tukaanza kucheza kweli, Ami akafungua, mzee akaweka pau mbili, na Ami, mwenye pau nne nzuri, akazitazama kwa mapenzi akaweka "napita". Mzee alikuwa na pau mbili tu mkononi. Sita zao kwa saba zetu. Walivunjika kwa mitatu, na kopa nne ilikuwa imelala pale, mwafaka wa nane, haikuguswa.

"Ami, ile si pau. Ni swali."
"Swali gani halina alama ya kuuliza?"

Nikaenda kibandani. Nimechapisha upya kadi ya pau mbili ikiwa na alama kubwa ya kuuliza. Wote wanne wanaiona, kwa hiyo hakuna siri wala hila. Mashindanoni isingekubaliwa, lakini sisi tunafundishana. Haijapitwa tena.

Kwa kuwa nilikuwa nachapisha, nikalifanya na la pili lililokuwa likitutesa. Kadi za kwanza zilikuwa nyeusi tupu, na stima ikipotea, kwa mwanga wa simu pau na shupaza ni mtu na nduguye. Sasa pau ni kijani, uru rangi ya chungwa, kopa nyekundu, shupaza buluu. Wino wa rangi 650, lamineshoni 240. Ningefanya hivi tangu mwanzo ningeokoa shilingi 240 za mara ya kwanza.

Swali hili linaitwa Stayman duniani kote. Samuel Stayman aliliandika katika jarida la The Bridge World mwezi Juni 1945, lakini aliyelibuni ni mwenzake wa mezani, George Rapée. Na kule Uingereza Jack Marx alikuwa amelifikiria tangu 1939, makala yake ikatoka 1946. Ami amesema huyo Marx alipaswa kuwa na kibanda cha kuchapisha.

8 Machi. Swali lisilo na pa kwenda

Ramadhani. Tunaketi baada ya tarawehe, kwa kawaida kwa muda wa saa mbili hivi, na kaimati zimeshaharibu pakiti moja ya karata (250 nyingine).

Leo aliyekosea ni Bi Mwalimu, jambo lililomfurahisha Ami kupita kiasi cha mwezi mtukufu. Nilifungua bila turufu moja. Yeye alikuwa na hizi:

Shupaza B 8 6 3
Kopa 10 7 5 2
Uru 6
Pau G 9 6 4

Pointi tatu. Akafikiri: bila turufu tutaumia, nina kopa nne na shupaza nne, acha niulize, huenda tukapata mwafaka tutulie hapo. Fikra si mbaya. Nikajibu uru mbili, sina. Akabaki ameduwaa. Kurudi bila turufu mbili kunamaanisha una pointi nane. Kupita ni kucheza uru. Akapita. Uru zangu tatu na yake moja, wapinzani tisa. Turufu zilikuwa zao, si zetu. Tumevunjika kwa mitano.

Mzee hakumlaumu. Alichukua karata sita akazibadilisha, uru ya 6 ikawa uru nne, pau nne zikawa moja:

Shupaza G 8 6 3
Kopa B 7 5 2
Uru 10 9 6 4
Pau 5

Pointi bado tatu. Hapa uliza bila woga, kisha pita kwa jibu lolote. Akisema kopa, una nne. Shupaza, una nne. Uru, una nne, na yeye kwa jibu hilo hana kopa nne wala shupaza nne, kwa hiyo karata zake nyingi ziko chini, kwenye uru na pau. Popote atakapotua ni pazuri kuliko bila turufu moja yenye mkono wako uliokufa.

Tulikaa na mikono hii miwili hadi daku karibu. Kabla ya kuweka pau mbili, pitia majibu yote matatu kichwani: uru, nitafanya nini? kopa? shupaza? Kama kuna jibu moja linalokuacha njiani, na mkono ni dhaifu, pita bila turufu moja uvumilie. Bi Mwalimu ameiandika kwenye manila kwa herufi zake za ubaoni.

23 Machi. Langu mimi

Sikutaka kuandika hili, lakini shajara ni shajara. Mkono wa kudumu wa usiku ulikuwa wangu:

Shupaza R B 8 3
Kopa M G 7 4
Uru R 5
Pau B 9 2

Niliushika tangu tulipoketi. Mgao wa nane au wa tisa hivi, Bi Mwalimu akauliza pau mbili, nikajibu kopa mbili kama ipasavyo, kwa kuwa mwenye zote mbili huanza na kopa. Akaruka bila turufu tatu. Nikapita, nikanywa kahawa.

"Kwani mimi nilikuwa nauliza nini?" akasema.

Nikamwambia kopa hukuzitaka, ukaenda bila turufu.

"Ndiyo. Kopa sikuzitaka. Sasa kilichobaki ni nini?"

Shupaza, bila shaka. Mtu mwenye pointi kumi asiye na kopa nne wala shupaza nne hana haja ya kuuliza, anaruka mwenyewe. Ukisikia ameuliza, kopa akaziacha, basi ana shupaza nne, na mimi mwenye shupaza nne ningesema shupaza nne. Alikuwa na M G 6 2. Mwafaka wa nane tuliutembelea tukapita mlangoni.

Hili ndilo kosa ninalolihofia zaidi katika yote, kwa sababu halionekani. Kupita pau mbili kila mtu anacheka. Hili unaweza kulifanya mwaka mzima na bila turufu tatu ikapona mara nyingi, usijue ulichoacha.

Mjadala mwingine umebaki wazi: ukiwa na 4-3-3-3, uulize au uende bila turufu moja kwa moja? Mzee anasema usiulize, huna upande mfupi wa kukata, turufu zako nne zitakula mara moja tu. Bi Mwalimu anataka kuuliza daima. Mimi niko na mzee.

12 Aprili. Uhamisho

Mzee anaondoka kabla ya masika, kama Waitaliano wengi wa hapa, kwa hiyo ametukimbiza.

Swali la pau mbili linatafuta nne kwa nne. Ukiwa na kopa tano au shupaza tano njia ni nyingine: taja ngazi iliyo chini yake. Uru mbili inasema nina kopa tano au zaidi, na aliyefungua analazimika kusema kopa mbili. Kopa mbili inasema nina shupaza, naye anasema shupaza mbili. Faida ya kwanza ni kwamba mkono wenye nguvu ndio unaocheza na kubaki umefichwa, na karata ya kwanza ya mpinzani inamjia yeye. Mwenye M na ndogo moja, au R na B, anapenda kujiwa kuliko kupitiwa. Faida ya pili ni kwamba baada ya kuhamishwa bado una nafasi ya kusema tena.

Huu unaitwa kwa jina la Oswald Jacoby wa Marekani, aliyeueneza mwaka 1956, ingawa Olle Willner wa Sweden alikuwa ameshauandika kwao. Ami: "Yale yale ya Marx."

Mkono uliomshawishi Ami ulikuwa huu, wa njaa kabisa:

Shupaza 10 8 7 6 4
Kopa 9 5
Uru G 8 3
Pau 7 4 2

Pointi moja. Kwenye bila turufu haupeleki kitu. Kama turufu, shupaza hizo tano zinakula angalau mara kadhaa. Kwa hiyo kopa mbili, mwenzako shupaza mbili, unapita. Kumbuka aliyefungua hana pungufu ya mbili katika aina yoyote, kwa hiyo saba mnazo kwa hakika, na mara nyingi nane.

Yanayofuata yalikwenda haraka. Tano na pointi nane au tisa, bila turufu mbili, mwaliko. Tano na kumi, bila turufu tatu. Mwenzako akiwa na tatu anarudisha kwenye kopa au shupaza nne, akiwa na mbili anaacha. Sita, mwafaka upo tayari, usimuulize mtu. Aliyefungua akiwa na turufu nne na pointi 17 anaruka hadi ya tatu badala ya ya pili, kuonyesha furaha.

17 Mei. Mvua, na shupaza nne za watu wanne

Mzee yuko kwao. Nafasi yake amechukua dereva wa tuktuk, anayejifunza upesi kuliko sisi sote ila akiitwa na abiria anaacha karata kifudifudi anaondoka. Kwa masika haya wateja ni wachache, hivyo tunampata.

Usiku mmoja Bi Mwalimu alikuwa na kopa sita na shupaza moja. Nikafungua. Akasahau uhamisho, akasema anachokiona: kopa mbili. Mimi kwa utiifu, shupaza mbili. Nikaona uso wake umebadilika, nikatazama pembeni, maana uso wa mwenzako si kauli. Akajaribu kujiokoa: kopa tatu. Kwangu mimi maana yake ilikuwa wazi, ana shupaza tano na kopa nne, na ana nguvu. Nina shupaza tatu. Shupaza nne, nikasema kwa kujiamini.

Angesema kopa tano. Alipita. Alisema baadaye kwamba alihofia ningemwelewa vibaya mara ya tatu, na hofu hiyo ilikuwa ya haki. Tatu zangu na moja yake: turufu nne dhidi ya tisa. Tulivunjika kwa sita, alama 300, na zingekuwa nyingi zaidi kama dereva hangekuwa anacheka mno kukumbuka kuidabali, yaani kutoa kauli inayoongeza hasara yetu.

Tulijaribu kuandika mshale kwenye kadi za uru mbili na kopa mbili kama tulivyofanya alama ya kuuliza. Haikufaa. Pau mbili mtu anaiweka akijua anauliza. Uhamisho anasahau kabla hajashika kadi, kwa kuwa macho yameshaziona kopa na ulimi umeshafika. Kilichofaa ni kijinga zaidi: kabla ya kugawa mkono wa kwanza wa usiku sote tunasema kwa sauti, "Uru kwa kopa, kopa kwa shupaza," halafu mikono kumi ya zoezi la karata thelathini na tisa, kunadi tu. Tangu tuanze, umesahaulika mara moja, na aliyesahau alikuwa amefika amechelewa, hakuisema.

21 Juni. Tulipofika

Matumizi yote mpaka leo: vifaa vya mwanzo 900, kitabu 300, kadi za rangi 890, pakiti ya kaimati 250. Shilingi 2,340, bila kahawa, kwa kuwa Ami anakataa kahawa iandikwe.

Alama ya kuuliza nimeiondoa kwenye pau mbili wiki iliyopita. Hakuna aliyepita.

Jana mzee alituma mkono kwa simu, bila maelezo, anasema mwenzetu amefungua bila turufu moja:

Shupaza R G 9 6 3
Kopa M 10 7 4
Uru B 5
Pau 8 2

Pointi kumi, shupaza tano na kopa nne. Uhamisho au swali? Dereva akasema kopa mbili, ahamie shupaza. Ami akamkatiza: ukihamisha hutajua kama ana kopa nne, uliza kwanza, pau mbili, akijibu kopa au shupaza umefika. Nikamuuliza, na akijibu uru mbili, sina? Akanyamaza, akamtazama Bi Mwalimu. Yeye anasema ruka hadi shupaza tatu: umeshauliza, kwa hiyo anajua una kopa nne, na kwa kuruka anajua shupaza zako ni tano, achague kati ya shupaza nne na bila turufu tatu. Nimeiandika kwenye manila kwa penseli, mpaka mzee ajibu.